Tumepimwa Koo Dukani! Mara Yangu ya Kwanza Ndani ya MinuteClinic

Nimetoka humo mkono mmoja umemshika mtoto, wa pili umebeba mfuko wenye maziwa, sabuni ya kufulia, kadi ya siku ya kuzaliwa na chupa ya amoksilini. Vyote hivyo vimetoka chini ya paa moja, na kati ya kuingia na kutoka haikutimia saa moja. Ninaandika usiku huuhuu, msisimko ukiwa bado wa moto, kwa sababu leo nimeliona jambo ambalo nimelitamani kwa watu wangu miaka mingi bila kujua kwamba mahali fulani duniani lipo na lina jina.

Niko Minneapolis, Minnesota, kaskazini mwa Marekani, ambako mdogo wangu anaishi na familia yake. Ni Januari. Theluji imefika magotini na upepo unakata kama wembe. Leo Jumapili mwanawe wa miaka minane aliamka na homa, hawezi kumeza hata uji. Akanishika shingo akaninong'oneza: "Mama Mkubwa, koo linachoma." Akili yangu ya Dar es Salaam ikaniletea njia mbili tu: ama niende duka la dawa la mtaani, nieleze dalili, nipewe vidonge, ama twende hospitali tukapange foleni. Mdogo wangu alikuwa na njia ya tatu.

"Dada, vaa koti. Twende CVS."

CVS ni duka. Kama hujawahi kuliona, fikiria famasi kubwa iliyooana na duka la mahitaji ya nyumbani: mbele kuna soda, biskuti, maziwa, vipodozi, kadi za salamu na betri; nyuma kabisa kuna kaunta ya dawa. Nilimfuata mdogo wangu kati ya rafu za shampuu nikidhani tunakwenda kununua dawa ya homa. Tukaipita kaunta ya dawa. Pembeni yake kulikuwa na mlango wenye maandishi: MinuteClinic.

Zahanati. Ndani ya duka!

Kutoka kwenye skrini hadi kitandani

Hakuna dirisha la mapokezi wala daftari la kuandikishwa. Kuna skrini ya kugusa ukutani. Mdogo wangu akaandika jina la mtoto, tarehe ya kuzaliwa na sababu ya kuja, akaweka na maelezo ya bima. Skrini ikatupa makadirio ya muda wa kusubiri. Ukitaka unajiandikisha kwa simu ukiwa bado nyumbani, unakuja zamu yako ikikaribia. Wakati wa kusubiri hatukukaa tukikoholeana usoni na wagonjwa wengine. Tulikwenda kuchukua maziwa na sabuni, tukachagua ile kadi, tukarudi. Nilihesabu watu wawili tu mbele yetu.

Mlango ukafunguka, akatokea mama wa makamo aliyevaa joho jeupe, akamwita mtoto kwa jina. Akatuuliza kama tungependa mkalimani. Tukasema tunaelewana. Chumba ni kidogo: kitanda cha uchunguzi, mizani, kompyuta, kabati la vifaa, sinki la kunawia mikono, basi. Hakuna msaidizi. Mama yuleyule ndiye aliyempima, akaandika kumbukumbu na kuandika dawa. Kila kitu kimekaa pale mkono unapofika, kama jiko la mpishi anayeijua kazi yake.

Akaanza. Uzito. Joto la mwili. Kidude kidoleni cha kupima oksijeni na mapigo ya moyo. Akamulika masikio, akapapasa tezi za shingoni, akamwambia mtoto aseme "aaa" na kurunzi ikamulika koo. Nami nilichungulia: tezi za ndani zimevimba, nyekundu kama pilipili, zina madoa meupe. Kisha akauliza maswali mawili ambayo sitayasahau: mtoto anakohoa? Ana mafua? Hapana na hapana. Akatueleza kwa utulivu kwamba kikohozi na mafua huelekeza kwenye virusi, na virusi havisikii antibaiotiki. Koo linalouma peke yake, pamoja na homa na tezi zilizovimba, linamfanya ashuku bakteria aitwaye streptokoki. "Lakini," akasema, "hatukisii. Tunapima."

Hatukisii, tunapima. Moyo wangu uliruka.

Akachukua kijiti chenye pamba, akakipitisha kooni, akakichovya kwenye dawa ya kipimo, akaweka saa. Tukangoja dakika tano. Kipimo chenyewe kinafanana na kile kidogo cha malaria tunachokijua sote. Mstari wa kwanza ukatokea. Ukafuata wa pili. Ni streptokoki.

Akauliza kama mtoto amewahi kudhurika na penisilini. Akapiga hesabu ya dozi kwa uzito aliokuwa ameupima muda si mrefu. Akaandika amoksilini ya siku kumi, na akarudia mara tatu kwamba dozi imalizwe hata homa ikiondoka siku ya pili. Akasema mtoto asirudi shule mpaka homa iishe na dawa iwe imeanza kufanya kazi. Akabonyeza kompyuta, na cheti cha dawa kikasafiri hadi kaunta iliyo hatua ishirini kutoka tulipokaa. Angeweza kukituma famasi nyingine yoyote ambayo tungeitaja, kwani hakuna anayelazimishwa kununua hapo. Akamwomba mdogo wangu ruhusa ya kutuma taarifa kwa daktari wa kudumu wa mtoto, ili faili lisikatike.

Nilimuuliza swali moja kwa kuwa nilishindwa kujizuia: je, mstari wa pili usingetokea? Akajibu kwamba asingetoa antibaiotiki. Angetoa ushauri wa maji, pumziko na dawa ya maumivu, na sampuli ya mtoto ingepelekwa maabara kuhakikisha. Yaani hapa mgonjwa anaweza kulipa na kutoka bila kidonge, na akawa amehudumiwa vizuri kabisa!

Kwa nini kijiti kile kimenitikisa

Huenda utasema, koo tu hilo, kelele zote za nini? Ngoja nikueleze.

Koo la streptokoki lisipotibiwa, kwa baadhi ya watoto huleta homa ya rumatiki wiki mbili tatu baadaye, hasa wenye umri wa miaka 5 hadi 15. Mwili unaopigana na bakteria unageuka na kuushambulia moyo wake wenyewe. Homa ikirudi tena na tena, valvu za moyo huharibika: zinakakamaa au zinavuja. Mtoto aliyekuwa anakimbia uwanjani anaanza kuhema akipanda ngazi. Binti anakuja kugundulika siku ya kujifungua, moyo umeshachoka. Zaidi ya watu milioni 40 duniani wanaishi na ugonjwa huu wa moyo, wengi wao katika nchi za kipato cha chini na cha kati, zikiwemo zetu. Mwaka 2018 Mkutano Mkuu wa Afya Duniani ulipitisha azimio maalumu juu yake. Marekani ya leo imekuwa nadra kuuona. Wodi za moyo za Dar es Salaam, Kampala na Nairobi zinaujua vizuri sana.

Na dawa ya kuuzuia ni penisilini, moja ya dawa za zamani na za bei nafuu kuliko zote. Utafiti uliofanywa Uganda kwa watoto ambao tayari walikuwa na dalili za awali za ugonjwa huu moyoni, ukachapishwa mwaka 2022, ulionyesha tofauti ya kushangaza. Waliodungwa penisilini kila mwezi kwa miaka miwili, ugonjwa uliendelea kwa asilimia 0.8 tu. Wasiodungwa, uliendelea kwa asilimia 8.2.

Kwa hiyo nilipoona kijiti kile kinatoka kooni mwa mtoto wetu, Jumapili mchana, hatua chache kutoka kwenye rafu ya maziwa, nilikuwa ninautazama mlango unaofungwa mbele ya ugonjwa wa moyo. Mlango huo uko dukani. Unafunguka siku ambayo daktari wa kawaida amefunga. Ndiyo maana ninapiga kelele.

Ilivyoanza: baba, mtoto na koo linalouma

Hapa pana sadfa iliyonisisimua mno: jambo hili limezaliwa mji huuhuu, na limezaliwa na koo la mtoto. Baba mmoja, Rick Krieger, alimpeleka mwanawe kupimwa streptokoki wikiendi moja ya baridi huku Minneapolis, wakangoja karibu saa mbili kwa ajili ya kipimo cha dakika chache. Akajiuliza kwa nini hakuna njia ya haraka kwa tatizo dogo kama hili. Mwaka 2000 yeye na wenzake wakafungua vibanda vya tiba ndani ya maduka ya vyakula ya Cub Foods, vikiitwa QuickMedx. Mgonjwa alilipa dola 35 taslimu, bila bima, kwa maradhi machache yaliyoorodheshwa. Baadaye jina likawa MinuteClinic, na mwaka 2006 kampuni ya CVS ikainunua yote. Vituo vyake vilikuja kuzidi elfu moja katika majimbo zaidi ya thelathini. Maduka ya vyakula ya Kroger nayo yana kliniki zake, ziitwazo The Little Clinic.

Yule mama aliyetuhudumia si daktari, na hili nalo lina historia tamu. Ni muuguzi aliyesomea zaidi hadi kuruhusiwa kuchunguza, kutambua ugonjwa na kuandika dawa. Taaluma hiyo ilianzishwa mwaka 1965 katika Chuo Kikuu cha Colorado na muuguzi Loretta Ford pamoja na daktari wa watoto Henry Silver, ili watoto wa vijijini wasiokuwa na daktari wapate mtu wa kuwaona. Sheria ya Minnesota iliyopitishwa mwaka 2014 inawaruhusu wauguzi hawa, baada ya kipindi cha kufanya kazi pamoja na wenzao wazoefu, kuhudumia wagonjwa bila kusimamiwa na daktari.

Marekani jambo hili lilizua mabishano makali. Mtanzania halimshangazi hata kidogo. Sisi tumelelewa na matabibu! Kwenye zahanati na vituo vya afya, anayekupokea, anayekusikiliza na kukuandikia dawa mara nyingi ni tabibu, siyo daktari wa shahada. Nilipokaa mbele ya mama yule nilijisikia niko nyumbani.

Bei iko ukutani

Jambo la pili lililoniteka ni orodha ya bei. Marekani unaweza kutibiwa leo na usijue umelipishwa nini mpaka bahasha ifike baada ya wiki kadhaa. Mdogo wangu alishaonja. Miaka miwili iliyopita alimpeleka mtoto huyuhuyu kwenye kitengo cha dharura cha hospitali moja kwa sikio linalouma. Walingoja saa nne, wakaonwa dakika kumi, na bili iliyokuja baadaye aliilipa kwa miezi sita. Hapa orodha inasomeka kabla hujaingia: huduma hii kiasi hiki, chanjo hii kiasi hiki, kipimo hiki kiasi hiki. Asiye na bima atalipa mwenyewe bei yote iliyoandikwa pale. Si hela ndogo, nami sitasema ni ndogo. Lakini unaijua kabla, unaamua ukiwa mtu mzima mwenye akili zako.

Hesabu zinaiunga mkono hisia yangu. Watafiti walilinganisha gharama za kutibu maradhi matatu, yaani sikio, koo na njia ya mkojo, huko huko Minnesota, wakachapisha mwaka 2009. Kliniki ya dukani ilikuwa wastani wa dola 110. Kwa daktari wa kawaida ilikuwa 166. Kwenye kitengo cha dharura ilikuwa 570! Na ubora wa tiba ulilingana na ule wa kwa daktari.

Yasiyopendeza, nayo niyaseme

Ninaipenda huduma hii, na kwa kuwa ninaipenda nitausema ukweli wote.

Kwanza, ina mpaka. Maumivu ya kifua, kupumua kwa shida, mfupa uliovunjika, mtoto mchanga mwenye homa: hapa si mahali pake, na wenyewe watakuambia uende hospitali mara moja. Pili, kituo kinasimama juu ya mabega ya mtu mmoja. Akienda kula, mlango umefungwa.

Tatu, chama cha madaktari wa watoto cha Marekani kilipinga watoto kutibiwa humu mwaka 2006, kikihofia kwamba mtoto atakosa daktari mmoja anayemfahamu tangu kuzaliwa. Hoja yao ni nzito. Ndiyo maana ile ruhusa ya kutuma taarifa kwa daktari wa kudumu si jambo la kupuuza. Ukiombwa, ikubali.

Nne, watafiti walionyesha mwaka 2016 kwamba asilimia 58 ya wanaokwenda kliniki hizi kwa maradhi madogo wasingekwenda kokote kama zisingekuwepo, hivyo matumizi ya jumla yalipanda, kiasi cha dola 14 kwa mtu kwa mwaka. Kwa mafua yatakayopona yenyewe, huo ni upotevu, nakubali. Lakini mimi natoka mahali ambapo watu hufika hospitali wakiwa wamechelewa mno. Nikisikia kwamba mtu ambaye angekaa nyumbani na koo lake sasa amekwenda kupimwa, sioni hasara tupu hapo.

Tano, biashara hii si rahisi. Kampuni ya maduka ya Walmart ilifungua vituo vya afya kuanzia 2019, vikafika 51, na mwaka 2024 ikatangaza kuvifunga vyote kwa sababu haviingizi faida. Jumuiya zilizoanza kuvitegemea zikaachwa. Afya inayoishi kwa faida ya duka inaweza kuhamishwa kama rafu.

Ninachotaka kubeba kurudi nyumbani

Njia nzima ya kurudi, gari likiteleza polepole kwenye barafu na mtoto amelala nyuma, nilikuwa ninafikiria maduka yetu ya dawa.

Tanzania tuna mtandao ambao wengi wangeuonea wivu. Mwaka 2003 mkoani Ruvuma ulianza mpango wa duka la dawa muhimu: muuzaji anapewa mafunzo, duka linakaguliwa na kupewa kibali, linaruhusiwa kuuza dawa kadhaa za cheti zikiwemo baadhi ya antibaiotiki. Mpango ukaenea nchi nzima. Leo ukifika kijiji ambacho hakina zahanati, mara nyingi utalikuta duka. Kenya wenzetu wana kemisti kila kona. Mama mwenye mtoto anayeumwa huanzia hapo. Haendi kwa sababu ya ujinga. Anakwenda kwa sababu ni karibu, pamefunguliwa, na muuzaji anamjua kwa jina.

Yaani nusu ya MinuteClinic tayari tunayo! Tunao ukaribu, saa ndefu za kazi na imani ya watu. Kinachokosekana ni ile sentensi ya mama wa leo: hatukisii, tunapima. Kwa malaria imeshajaribiwa. Watafiti walipeleka vipimo vya haraka katika baadhi ya maduka yetu ya dawa na wauzaji waliofundishwa wakavitumia. Kwa nini tuishie kwenye malaria? Kwa nini tabibu asikae siku mbili kwa wiki katika chumba kidogo nyuma ya duka la dawa, mwenye mizani, kurunzi, kijiti cha koo na simu ya kumuunganisha na kituo cha afya? Kwa nini bei isiandikwe ukutani kwa herufi kubwa?

Haihitaji skrini ya kugusa. Inahitaji kibali, mafunzo, usimamizi na mtu wa kuamua.

Hukumu yangu

Ukiwa Marekani, wewe au ndugu yako, na koo, sikio au jicho jekundu vinakusumbua, au unahitaji chanjo, siku ambayo daktari wako hayupo, nenda. Beba kadi ya bima, soma orodha ya bei kabla ya kujiandikisha, kubali taarifa ziende kwa daktari wako, na ukipewa dozi imalize. Ukiwa na dalili nzito, pita mbele ya duka hilo bila kusimama na uende hospitali.

Nawe uliye nyumbani, mzazi, mwenye duka la dawa, au mwenye kalamu ya kuidhinisha mambo wizarani: mtoto akilalamika koo na ana homa bila mafua wala kikohozi, usimpe vidonge vya kubahatisha. Mpeleke apimwe. Kipimo ni dakika tano. Moyo ni wa maisha.

Mtoto wetu ameshakunywa dozi ya kwanza. Saa tatu usiku huu ameomba uji, na ameumaliza.